Maiti ni ya nani? Antigone, kamanda Mawazo na sheria ya dola

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa chama mkoani Geita, Novemba 2024, katika juma la kumkumbuka Alphonce Mawazo. Imenyooshwa kidogo kwa ajili ya wasomaji wa mtandaoni. Maneno ya ukumbini yameachwa kama yalivyosemwa.)



Najua mna haraka. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni Novemba 27, kuna wenzetu humu wana fomu za rufaa mkononi na wanaangalia saa, halafu mnaletewa mwalimu wa fasihi aje kuwasimulia habari za Wagiriki wa kale. Nivumilieni. Nikimaliza mtaona kwamba nilikuwa naongea habari za Katoro muda wote.

Kuna mtunzi wa Athens aliitwa Sophocles. Waliosoma zamani kidogo watakumbuka tamthilia yake moja ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Samuel Mushi mwaka 1971, ikaitwa Mfalme Edipode. Leo nazungumzia nyingine inayotokana na ukoo uleule, inaitwa Antigone, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza takriban mwaka 441 kabla ya Kristo. Kumbukeni pia kwamba Sophocles hakuwa mtu wa kukaa pembeni akiwazomea watawala. Yeye mwenyewe alichaguliwa kuwa mmoja wa majenerali wa mji wake. Kwa hiyo anapoandika juu ya mtawala anayekosea, anaandika mtu aliyekalia kiti na kujua kinavyomlevya mkaaji.

Kisa chenyewe ni hiki. Ndugu wawili, Eteocles na Polynices, walitakiwa kupokezana ufalme wa mji wa Thebes. Eteocles zamu yake ikaisha, akagoma kutoka. (Mnacheka nini? Sijataja mtu.) Polynices akaenda mji mwingine, akaoa huko, akarudi na jeshi kuuvamia mji wake mwenyewe. Wakapigana, wakauana wote wawili siku moja. Kiti kikabaki kwa Creon. Na Creon ni nani? Ni mjomba wao, kaka wa mama yao. Shikeni hilo la mjomba, maana sisi tunajua mjomba ni nani. Ukifukuzwa kwa baba, unakimbilia kwa mjomba.

Mjomba huyu amri yake ya kwanza ikawa hivi: Eteocles aliyeutetea mji azikwe kwa heshima zote, Polynices aliyeuvamia aachwe juani, mbwa na ndege wamle, na atakayemzika auawe. Dada yao Antigone akasema huyu ni kaka yangu, nitamzika. Akamwomba mdogo wake Ismene waende wote, Ismene akakataa kwa hofu. Antigone akaenda peke yake na kumnyunyizia maiti udongo. Hakuwa na jembe wala jeneza, alikuwa na konzi la udongo tu. Walinzi wakaufagia ule udongo, akarudi tena, wakamkamata.

Hebu fikirini kwa nini konzi moja inatosha. Msibani kwetu, kaburi linapofukiwa, kila ndugu anasogea na kutupa udongo wake kabla vijana hawajashika koleo. Ule udongo wa mkononi haufukii chochote. Unasema: huyu alikuwa wetu. Creon alilielewa hilo, ndiyo maana konzi moja ilimtisha kuliko jeshi lililoshindwa jana yake.

Alipoulizwa kama aliijua amri, Antigone hakuzunguka. Aliijua. Akajibu kwamba ile ni amri ya mtu, na kuna sheria nyingine ambazo hazikuandikwa na yeyote, hakuna anayejua zilianza lini, na amri ya mfalme haiwezi kuzifuta. Mtoto wa Creon, Haemon, mchumba wa Antigone, akaenda kumweleza baba yake kwamba huko mtaani watu wananong'ona, wanamlilia binti, ila mbele yako mzee wanaogopa kusema. Creon akajibu kama wanavyojibu wengi: yaani mji ndio uniambie namna ya kuutawala? Akaamuru binti afungiwe hai ndani ya pango. Mwonaji kipofu Tiresias akaja kumwonya. Creon kwanza akamtuhumu kwamba amepewa hela. Hoja ya "wametumwa, wanalipwa" si mpya jamani, ina miaka karibu elfu mbili na mia tano. Baadaye akaogopa na kubadili mawazo, akaenda kumzika Polynices, kisha akaenda kufungua pango. Akakuta Antigone amejinyonga. Haemon akajiua palepale. Mke wa Creon akasikia, naye akajiua. Mwisho wa mchezo Creon amesimama na sheria yake mkononi, nyumbani hana mtu.

Sasa turudi nyumbani.

Novemba 14, 2015, Alphonce Mawazo, mwenyekiti wa chama mkoa wa Geita na aliyekuwa mgombea ubunge wa Busanda, aliuawa kwa kukatwakatwa hapa Katoro. Uchaguzi mkuu ulikuwa umepita wiki tatu tu. Wapo humu walioshuhudia siku ile, sina cha kuwasimulia. (Siku iliyofuata kulikuwa na habari nyingine kutoka upande wa Kahama. Wachimbaji watano walitolewa hai kwenye duara la Nyangalata baada ya siku 41 chini ya kifusi, wakati watu walikwisha kuwahesabu kuwa wafu. Ndani ya saa 24 kanda hii ilipokea waliofukuliwa wazima na aliyeuawa mchana. Sijui kama kuna mtunzi angethubutu kubuni hivyo.)

Mwili ulipelekwa Bugando, Mwanza. Familia na chama wakapanga kumuaga kwanza Mwanza, viwanja vya Furahisha, kisha kumsafirisha Geita kwa maziko. Polisi Mwanza wakazuia. Sababu iliyotolewa ni kipindupindu. Ni kweli kipindupindu kilikuwepo, kilianza Dar es Salaam Agosti mwaka ule na kikasambaa mikoani, hilo hatubishi. Ila masoko yalikuwa wazi, ibada ziliendelea, daladala zilijaa. Watu wakajiuliza huyu mdudu wa kipindupindu anayechagua mkusanyiko ni wa aina gani.

Mnaona tulipofika? Kuna maiti, kuna ndugu wanaotaka kuifanyia haki yake, na kuna tamko la mwenye mamlaka linalosema hapana. Ni Antigone kabisa, mpaka kisingizio cha afya. Kule Thebes maiti iliyoachwa ndiyo iliyochafua mji. Ndege walibeba nyama ya Polynices hadi kwenye madhabahu, ndivyo Tiresias alivyomwambia Creon. Huku kwetu ikadaiwa kwamba kuaga maiti ndiko kutakakochafua mji.

Lakini kuanzia hapo hadithi yetu inaachana na ya Mgiriki, na hapo ndipo ninapotaka mkae. Siku zile kulikuwa na vijana wengi Mwanza wenye hasira, waliosema twende Furahisha kwa nguvu, litakalokuwa na liwe. Hiyo ndiyo njia ya Antigone. Familia haikuipita. Baba mdogo wa marehemu alikwenda Mahakama Kuu Mwanza, akiwa na mawakili, akamshtaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kamanda wa polisi wa mkoa. Novemba 26, Jaji Lameck Mlacha akaamua kwamba zuio la polisi halikuwa halali. Watu wakamuaga Mawazo Mwanza, wakampeleka Geita, na Novemba 30 akazikwa kijijini kwao Chikobe.

Antigone alisema: nina sheria iliyo juu ya sheria yako. Baba mdogo wa Mawazo alisema kitu kingine kabisa: unachokiita sheria si sheria, hebu tuifungue sheria yenyewe tuone. Na ilipofunguliwa, haikuwa upande wa kamanda. Ibara ya 20 ya Katiba inatoa uhuru wa kukutana na kukusanyika. Sheria ya Jeshi la Polisi inataka mtoe taarifa saa 48 kabla. Taarifa, jamani. Si kuomba kibali. Mara ngapi mmesikia ofisa anasema "hamna kibali" na sisi wenyewe tunarudia neno hilo hadi kwenye barua zetu, "tunaomba kibali"? Ukiandika hivyo umeshamkabidhi Creon kiti kabla hajakiomba.

Wasomi wa Ulaya wamebishana karne nyingi kama Antigone ni mgongano wa haki mbili, haki ya nyumba na haki ya mji. Mjerumani Hegel ndiye anayetajwa sana kwa hoja hiyo, kwamba wote wawili wana haki na wote wawili wanakosea kwa kutoiona haki ya mwenzake. Mimi kwa kesi ya Mwanza sikubaliani kwamba haki zilikuwa mbili. Kulikuwa na nyumba, kulikuwa na sheria, na kulikuwa na mtu mwenye nyota begani aliyesimama katikati akijiita sheria. Mahakama ilipomsogeza pembeni, nyumba na sheria vikakutana bila shida.

Angalieni pia ni nani aliyekwenda mahakamani. Baba mdogo. Kwa Wagiriki, Antigone ana maneno ya ajabu kidogo ambayo wasomaji wengi huyaruka. Anasema kwamba angekuwa ni mume au mtoto aliyekufa, asingevunja amri, kwa sababu mume anapatikana mwingine na mtoto huzaliwa mwingine. Kaka hapatikani tena, wazazi wameshakufa. Hesabu hiyo ya undugu kwetu haikubaliki kirahisi. Kwetu baba mdogo si "ndugu wa baba", ni baba. Analipa mahari yako, anakaa mbele kwenye msiba wako, na akisimama mbele ya jaji anasimama kama mzazi.

Na hapa sheria yetu ina kasoro ambayo vijana wanaosomea sheria humu waifanyie kazi. Sheria ya Ushahidi inamlinda mke au mume: kwa makosa mengi huwezi kumlazimisha atoe ushahidi upande wa mashtaka dhidi ya mwenzi wake. Kanuni ya Adhabu nayo inasema mke akimsaidia mumewe aliyetenda kosa kukwepa adhabu hahesabiwi kuwa msaidizi wa mhalifu baada ya kosa, na mume vilevile. Mama je? Dada? Baba mdogo aliyekulea? Hawamo. Undugu ambao sheria imeutambua ni wa ndoa peke yake, tumeurithi kutoka kwa Mwingereza. Kwa sheria hiyo, Antigone angekuwa mke wa Polynices angepumua kidogo. Kwa kuwa ni dada, aende gerezani.

Sasa mtanichukia kidogo.

Nimekaa kwenye mikutano mingi ya vijana, na kila ikisimuliwa Antigone, kila mtu anataka kuwa yeye. Serikali ni Creon, sisi ni Antigone, makofi, twende nyumbani. Haiwi hivyo. Hapa tulipo ni Usukumani na kanda ya dhahabu, na hapa undugu una upande mwingine ambao tusipousema tutakuwa tunadanganyana.

Wagiriki wenyewe waliusema. Kabla ya Sophocles kuandika Antigone, mtunzi mwingine, Aeschylus, alionyesha mwaka 458 kabla ya Kristo tamthilia tatu mfululizo kuhusu nyumba moja. Baba anamtoa binti yake kafara ili meli zake zipate upepo wa kwenda vitani. Mama anamuua baba kulipiza kisasi cha binti. Mtoto wa kiume, Orestes, anamuua mama kulipiza kisasi cha baba. Kila mmoja anasema ninafanya kwa ajili ya damu yangu, na kila mmoja anasema kweli. Damu ya nyumba moja ikiachiwa ijihukumu yenyewe haina mahali pa kusimama. Inasimamishwaje? Mji unaunda baraza la mahakama. Wananchi wanakaa, wanasikiliza pande zote mbili, wanapiga kura. Kura zinalingana, Orestes anaachiwa, na wale pepo wa kisasi waliokuwa wakimfukuza wanapewa makao na heshima ndani ya mji. Mtunzi hakuona aibu kuwaambia watu wake kwamba mahakama ni kitu cha kushukuru.

Tulete hiyo Shinyanga. Ni nani waliokuwa wakiwaua vikongwe wetu? Bibi macho mekundu kwa sababu amepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini, anaitwa mchawi, anakatwa mapanga usiku. Mara nyingi aliyemlipa muuaji hakutoka mbali. Alikuwa mtoto wa ndugu, au mkwe, mtu aliyefiwa na mtoto akaenda kwa mganga akaambiwa adui yako yuko ndani ya ukoo, au aliyekuwa na jicho kwenye shamba. Na asubuhi, polisi wakija, kijiji kizima hakijui kitu. Huo nao ni uaminifu wa ndugu. Huo nao ni "sheria isiyoandikwa".

Walipoanza kuuawa ndugu zetu wenye ualbino, miaka ile ya 2007 na kuendelea, ikawa vilevile. Kuna kesi ambazo mzazi au mjomba ndiye aliyekuwa mtuhumiwa. Machi 2009 serikali ikaendesha kura za siri mikoani, kila mtu aandike jina la anayemshuku. Fikirini mzigo wa karatasi ile. Unajua ni kaka yako. Unaandika au huandiki? Mimi sikuipenda ile kura, maana karatasi ya siri inaweza kubeba jina la jirani uliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba. Jina lililoandikwa gizani si ushahidi. Lakini Septemba mwaka uleule Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwatia hatiani watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino wa Bukombe, ya kwanza ya aina yake nchini. Kesi ile ilihitaji watu wasimame kizimbani wazi, wataje walichokiona. Kwa mtoto yule, mahakama ndiyo iliyokuwa na upendo wa ndugu.

Kabla ya hapo tulikuwa na sungusungu, au basalama kama wazee wanavyowaita. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huku Kahama na Nzega, wizi wa ng'ombe umeshamiri, polisi hawaonekani, vijiji vikajipanga vyenyewe na mishale na kiapo. Mwano ukipigwa kila mtu anatoka. Wizi ulipungua kweli, hakuna mzee wa huku atakayebisha. Na wapo wanawake waliouawa kwa kuitwa wachawi na watu hawahawa, hakuna mzee atakayebisha hilo pia akiwa mkweli. Baadaye mwaka 1989 dola ikawaingiza kwenye sheria ya mgambo. Wapo wanaosema dola iliwateka. Mimi naona ilijaribu, kwa kuchelewa, kufanya kile walichofanya Athens kwa pepo wa kisasi: kuwapa nyumba ndani ya mji ili wasiendelee kuwinda nje ya mji. Ikafanikiwa nusu.

Na dola nayo ina historia yake hapahapa. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilianzisha msako wa wauaji wa vikongwe Mwanza na Shinyanga. Watu wakakamatwa kwa wingi, wakateswa, baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Yaani sheria iliyokuja kuwalinda bibi zetu ikaua wajomba zetu. Lakini Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu. Hakuna aliyesema alimpiga mtu hata kofi. Alisema limetokea chini yangu. Wakubwa wengine nao wakaachia nafasi. Creon kule Thebes alihitaji maiti tatu za nyumbani kwake ndipo aseme kosa ni langu. Mwinyi alisema mapema, na miaka minane baadaye akawa rais. Wanaodhani kujiuzulu ni kujimaliza kisiasa wakasome hapo. Wengi waliopita kwenye wizara ile baadaye hawakusoma.

Kwa hiyo swali si "familia au dola". Swali ni nani kati yao, kwa siku hiyo, anamwona mtu aliyelala pale chini kuwa ni mtu. Siku ya Mawazo ilikuwa familia. Siku ya mtoto wa Bukombe ilikuwa mahakama. Na kuna siku ambayo wote wawili wamekosa, na kaburi linabaki bila mwenyewe.

Niwakumbushe Bulyanhulu. Julai na Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa kupisha kampuni ya Kikanada, na maduara yakafukiwa. Wachimbaji na ndugu zao wakasema kuna watu walikuwa bado chini, zaidi ya hamsini. Serikali na kampuni wakakanusha, na mpaka leo wanakanusha. Mimi sitoi hukumu hapa, sina ushahidi wa kuitolea. Ninachosema ni kwamba ndugu waliomba kitu kidogo: uchunguzi huru, wachimbue, tuone. Taasisi ya wanasheria wa mazingira, LEAT, ikalibeba dai hilo mwaka 2001. Mwaka uliofuata Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, pamoja na Augustino Mrema, wakashtakiwa kwa uchochezi. Kama hakuna mtu chini, kuchimba kunamdhuru nani? Antigone aliadhibiwa kwa kufukia. Huku watu wamepelekwa kizimbani kwa kuomba kufukuliwe.

Na sasa tuna jambo ambalo Sophocles hakulifikiria. Creon, pamoja na ubaya wake wote, aliiacha maiti ionekane. Leo kuna nyumba ambazo hazina hata maiti ya kugombania. Ben Saanane tangu Novemba 2016. Azory Gwanda, mwandishi wa habari, tangu Novemba 2017. Agosti mwaka huu Deusdedith Soka na wenzake wawili kule Temeke. Maombi yakapelekwa Mahakama Kuu ili waletwe, wakiwa hai au vyovyote, yakakataliwa kwa kuwa hakukuwa na ushahidi kwamba wako mikononi mwa polisi. Septemba Mzee Ali Kibao alishushwa kwenye basi, kesho yake mwili ukaonekana Ununio. Familia ya Kibao angalau ilipata pa kutupa udongo. Mama wa kijana asiyeonekana afanye nini? Akikaa matanga, amemuua mwanawe kwa mdomo wake. Asipokaa, kila usiku ni msiba. Njia ile ya baba mdogo wa Mawazo, ya kwenda kwa jaji na hati ya kiapo, inagonga ukuta kwa sababu aliyemshika hana jina wala sare. Sijaona tamthilia yenye jibu la hapo, na sitawabunia.

Dakika tano za mwisho niwape Ismene, maana kila mwaka anasahaulika.

Ismene ni yule mdogo mtu aliyesema hapana, tutakufa. Kila mmoja humu ana Ismene nyumbani. Ni mama anayekupigia simu saa tatu usiku: mwanangu, achana na siasa, utatuua. Ni kaka aliyeajiriwa serikalini ambaye hataki uvae kombati ukienda kwake. Vijana wetu wana tabia ya kuwaita hawa waoga, wasaliti, hata chawa. Sasa someni mchezo hadi mwisho. Antigone alipokamatwa, Ismene alikuja mbele ya Creon na kusema nami nilishiriki, niueni pamoja naye. Antigone ndiye aliyemkataa, tena kwa ukali. Alimpenda kaka aliyekufa, akamsukuma dada aliye hai. Mimi hapo Antigone simfuati.

Na hili linatuhusu sisi kama chama. Pemba baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 watu walisusiana kwa sababu ya vyama: huyu haingii duka la yule, huyu hampandishi yule kwenye gari, hadi misiba ikaguswa. Nimesikia vijana wa huku bara wakisifia hayo kwenye makundi ya simu, eti ndiyo msimamo. Ukisema "simziki huyu, ni wa chama kile", wewe ni nani katika mchezo huu? Soma tena amri ya Creon. Eteocles ni wetu, azikwe. Polynices si wetu, aachwe. Amri ile haihitaji ikulu kutolewa. Inaweza kutolewa na katibu wa tawi.

Mandela akiwa mfungwa kisiwani Robben waliigiza Antigone, na nafasi aliyoichukua yeye ilikuwa ya Creon. Aliisoma sauti ya mtawala kwa mdomo wake mwenyewe miaka mingi kabla ya kuwa mtawala. Ningependa nasi tufanye hivyo hapa Geita, na nimeongea na mwenyekiti kuhusu ukumbi. Nahitaji watu wanane, wakiwemo mabinti wasiopungua watatu, na natafuta Creon miongoni mwa viongozi wa jimbo, si miongoni mwa wanachama wa kawaida. Maandishi nitayageuza mwenyewe kwa Kiswahili cha huku, kwaya itaimba Kisukuma. Majina myaache kwa katibu hapo mlangoni.

Wenye fomu za rufaa nendeni, muda wenu unaisha. Waliobaki, karibuni kwa maswali. Tuanze na yule kaka wa nyuma, aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja sungusungu na hajaushusha.